Kitenzi "get": tazama kinachokifuata

Mtoto anayeingia kidato cha kwanza Tanzania, akitoka shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili, hujifunza mapema kwamba "get" ni kupata. Hajadanganywa. "I got a letter" ni nilipata barua. "I got 80 in maths" ni nilipata 80 kwenye hesabu. Siku chache baadaye anakutana na "It's getting dark", "Get up", "She got married", "We got to Dodoma at noon" na "I've got to go", na katika sentensi zote tano hakuna hata moja inayokubali neno kupata. Giza linaingia, mtu anainuka, dada anaolewa, wasafiri wanafika, mgeni hana budi kuondoka. Hakuna aliyepata kitu.

Asipofafanuliwa hapo, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama atakikwepa kitenzi hiki maisha yake yote, awe anasema "I became hungry" kama anayesoma kitabuni, ama atakipachika kila mahali ambapo Kiswahili kina kupata na aseme "I got an accident". Yote mawili yanaepukika ukishajua kazi halisi ya kitenzi hiki.

"Get" ni kitenzi cha kuvuka. Hukuwa nacho, sasa unacho. Hukuwa hivyo, sasa uko hivyo. Hukuwa pale, sasa uko pale. Kiingereza kimeibebesha silabi moja mivuko yote hiyo, Kiswahili kimeigawa. Sehemu imechukuliwa na pata, sehemu na fika, sehemu na leta, na sehemu kubwa kabisa imo ndani ya viambishi vya vitenzi vyetu wenyewe, ambako mwanafunzi hafikirii kuitafuta. Kwa hiyo ukikutana na "get" usikikodolee macho chenyewe. Tazama neno linalokifuata: ni jina la kitu, ni sifa, ni kitenzi katika umbo lake la tatu (lile la go, went, gone), ni mahali, au ni "to"? Jibu la swali hilo ndilo linalokupa maana.

Likifuata jina la kitu

Hapa ndipo pata inapofaa zaidi, ingawa hata hapa haitoshi. "Get me a chair" ni niletee kiti. "I'll get some milk on the way" ni nitanunua maziwa njiani. Mlango ukigongwa, "Can you get the door?" ni ombi la kwenda kuufungua, simu ikilia, "I'll get it" ni napokea mimi, bili ikiletwa mezani, "I'll get this" ni nalipa mimi, na anayebaki anasubiri aone rafiki yake "atapata" nini amelikosa jambo zima. Katika zote hizo, kitu au jukumu linaingia mkononi mwa mtu. Kuelewa nako kumehesabiwa kuwa ni kushika kitu: "I don't get it" ni sielewi. Kiswahili cha mtaani kinakwenda sambamba kabisa hapo, kwa "Unanipata?" na "Nakupata".

Panapoponyoka ni kwenye misukosuko. Pata yetu hufanya kazi pande mbili: mtu hupata kitu, na kitu nacho humpata mtu. Ajali ilimpata. Amepatwa na msiba. Hata jua hupatwa, ndiyo maana tunasema kupatwa kwa jua. Kwa hiyo "nilipata ajali" imetulia kabisa masikioni mwetu. Kiingereza kwa matukio ya aina hiyo hutumia "have" au "make". Nilipata ajali ni "I had an accident". Amepata mtoto ni "She's had a baby"; ukisema "She got a child", msikilizaji anajiuliza mtoto huyo katolewa wapi. Nilipata shida kuipata nyumba ni "I had trouble finding the house". Nimeshapata chakula cha mchana ni "I've had lunch", kwa sababu "I got lunch" humaanisha nilikwenda kukitafuta au kukinunua. Tulipata faida ni "We made a profit", na hasara nayo ni "made a loss". Muuguzi anayemuuliza mgonjwa kama amepata choo, kwa Kiingereza atauliza "Have you had a bowel movement?"

Si kwamba "get" hukataa mabaya. Watu husema "I got malaria", "I got a puncture", "I got a fine", na mahakamani mtu anaweza kusema "He got three years", alipata miaka mitatu. Kipimo kinachosaidia mara nyingi ni hiki: ugonjwa unaokushika, adhabu unayopewa, kasoro inayokuangukia, hizo huchukua "get". Tukio unalolipitia kutoka mwanzo hadi mwisho, kama ajali, uzazi, mlo au mazungumzo, huchukua "have".

Ikifuata sifa: chai inayopoa

Sehemu hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapotofautiana bila mtu kugundua.

Chukua kikombe cha chai. Chai inapoa: "The tea is getting cold." Chai imepoa: "The tea is cold." Kiswahili kinatumia kitenzi kilekile, poa, na kubadilisha kiambishi tu. Kiingereza kwa kawaida hakitumii kitenzi cha kupoa hapo. Kina sifa, "cold", halafu kinaamua kama kitaiwekea "be" au "get". Ukitaka hali ilivyo sasa, "be". Ukitaka safari ya kuelekea kwenye hali hiyo, "get". Kiambishi chetu -me-, kwa vitenzi vya kubadilika hali, karibu kila mara ni "be": nimechoka "I'm tired", nimekasirika "I'm angry", amezeeka "he's old", nimeshiba "I'm full". Tukirudi kwenye -na- na -li-, ndipo "get" inapoingia: nanenepa "I'm getting fat", alikasirika "he got angry", naanza kuchoka "I'm getting tired".

Tofauti hii inaweza kubeba uzito mkubwa. Fikiria maelezo ya shahidi. "Alipofika alikuwa amelewa" ni "When he arrived he was drunk": kalewea kwingine. "Alipofika alilewa" ni "When he arrived he got drunk": kalewea hapahapa. Mkalimani anayechanganya "was" na "got" amehamisha pombe kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Ndoa ni hivyohivyo. "She was married in 2015" ina maana mbili: harusi ilifanyika mwaka huo, au mwaka huo alikuwa tayari ni mke wa mtu. "She got married in 2015" ina moja tu, aliolewa. Na tukiwa hapo, angalia kiunganishi. Sisi tunasema aliolewa na mwalimu, na hilo "na" huwavuta watu kuandika "with" au "by". Sahihi ni "to": "She got married to a teacher". "Married by a teacher" itaeleweka kwamba mwalimu ndiye aliyefungisha ndoa.

Mipaka ipo. "Get" haikubali jina la kazi au cheo katika maana ya kuwa. Nataka kuwa daktari ni "I want to become a doctor". "I want to get a doctor" ni nataka kumwita daktari, kuna mgonjwa. Tena kuharibika na kupoteza uwezo hupenda "go": maziwa huenda "go sour", mtu huweza "go blind", "go deaf", "go bald".

Kikifuata kitenzi cha umbo la tatu

"Get paid" ni kulipwa, "get caught" ni kukamatwa, "get fired" ni kufukuzwa kazi: hiyo ni -wa yetu. "Get lost" ni kupotea, "get stuck" ni kukwama, "get burnt" ni kuungua: hiyo iko karibu zaidi na vile vitenzi vyetu vya jambo kutokea lenyewe, ambavyo havimtaji mtendaji. Kama ilivyo kwao, "get" huelekeza macho kwa aliyepatwa na kumwacha pembeni aliyefanya. Kwenye ripoti na barua rasmi watu hupendelea "was": "He was dismissed". Kwenye mazungumzo "He got fired" ndiyo ya kawaida. Vitenzi visivyoleta badiliko lolote, kama kujua na kupenda, havikai na "get". Alipendwa na wote ni "She was loved by everyone". Na tahadhari moja: "We got lost" ni tulipotea, lakini "Get lost!" ni potelea mbali, na haisemwi kwa mtu unayemheshimu.

Makosa mawili ya Waswahili hutokea hapa kila siku.

La kwanza ni la wizi. Nimeibiwa simu huzaa "I was stolen my phone", na nimeibiwa peke yake huzaa "I was stolen". Kiswahili humruhusu aliyepata hasara awe kiima cha kuibiwa. Kiingereza kwa kitenzi "steal" huruhusu mali tu, kwa hiyo "I was stolen" ni mtu aliyetekwa. Sema "My phone got stolen", au ukitaka kubaki wewe mbele, "I got my phone stolen". Ukitaka -wa iliyonyooka, badilisha kitenzi: "I was robbed".

La pili ni la mafundi. Mwanamke ambaye hajawahi kushika sindano husema "Nimeshona gauni la harusi", na hakuna anayemshangaa. Kiswahili humhesabu mwenye shughuli: aliyechagua kitambaa, aliyelipa, atakayelivaa. Ndivyo tunavyosema nimejenga Kigamboni, nimenyoa nywele, nimetengeneza gari, nimepiga picha za pasipoti. Kiingereza mara nyingi hutazama mkono uliofanya kazi. "I sewed a dress" humfanya msikilizaji aulize una cherehani gani. "I fixed the car" humfanya akuletee lake. Muundo unaotakiwa ni huu: "get", kisha kitu, kisha umbo la tatu. "I got a dress made." "I got my hair cut." "I'm getting the car fixed." "I need to get my photos taken." Mpangilio haugeuzwi. "I got made a dress" na "I got cut my hair" hazisimami, ingawa ndizo zinazokuja kwanza kwa mtu anayefuata mpangilio wa nimeshona gauni. "Have" inaweza kuchukua nafasi ya "get" hapo bila kuharibu, "I had a dress made", na inasikika rasmi zaidi kidogo.

Kumfanya mtu mwingine atende kuna muundo wake. "I got him to sign" ni nilimshawishi hadi akasaini, na ndani yake mna harufu ya juhudi: alikataa kwanza, au alikuwa mgumu kupatikana. "I made him sign" ni nilimlazimisha. "I let him sign" ni nilimruhusu. "I had him sign" ni nilimpa asaini kwa kuwa ndio utaratibu. Kati ya vinne hivyo, ni "get" peke yake kinachodai "to", na kosa la "I made him to sign" linatokana na kuvichanganya. Vitu navyo huingia humo. "I can't get the generator to start", anasema Mwingereza akijitaja yeye. Sisi tunailaumu mashine yenyewe, jenereta inakataa kuwaka.

Pakifuata mahali

Hapa ni kufika, na swali la njia ni "How do I get to Kariakoo?", nafikaje Kariakoo. Mahali huchukua "to", isipokuwa "home", "here" na "there": "I got home at ten". "I got to home" na "I got at home" ni makosa.

Kupanda na kushuka ni kazi zaidi, maana Kiswahili hakijali chombo. Tunapanda basi, teksi, ngalawa, ndege, baiskeli na bodaboda. Kiingereza kinajali. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, yaani basi, treni, meli, ndege, ni "get on" na "get off". Chombo unachojikunja kuingia, yaani gari dogo, teksi, mtumbwi, ni "get in" na "get out of". Unachokalia kama farasi, pikipiki au baiskeli, ni "get on" tena. Daladala, hata ile ambayo mtu mrefu hawezi kunyoosha shingo, huhesabiwa basi.

Kitandani pia mna tofauti ambayo kuamka kwetu huificha. "Wake up" ni kufumbua macho. "Get up" ni kuondoka kitandani. Aliyeamka saa kumi na mbili akalala macho mpaka saa moja "woke up at six and got up at seven". Na ofisini, "I'll get back to you" haina mtu anayerudi popote. Ni nitakujibu baadaye.

"Have got" na kiambishi -me-

Mpaka hapa "get" imekuwa ya kuvuka. Halafu inakuja "I've got a car", ambayo ni nina gari tu, hata kama ulilinunua miaka 10 iliyopita. Wengi huiona hii kuwa ni kinyume na yote yaliyotangulia, lakini Mswahili ana ufunguo wake tayari. Nimevaa shati: kwa umbo ni tendo lililokwisha, kwa maana ni hali ya sasa, shati liko mwilini. Nimekaa, nimesimama, nimelala, vivyo hivyo. "Have got" ni nimevaa ya Kiingereza. Kuvuka kumekwisha, kilichobaki ni matokeo yake, na matokeo ya kupata ni kuwa nacho.

Wamarekani wametenganisha vizuri zaidi, kwa sababu wana maumbo mawili. "I've got a car" ni nina gari. "I've gotten a car" ni nimepata gari, tendo lenyewe. Waingereza wengi leo husema "got" kwa yote mawili na huiona "gotten" kuwa ya Kimarekani, ingawa ni umbo la zamani la Kiingereza chenyewe ambalo lilidumu Marekani huku likififia Uingereza; wao pia wanalo bado katika "forgotten". Chagua upande mmoja na ubaki nao katika maandishi yako. Kwa wakati uliopita usihangaike na "had got": nilikuwa na gari ni "I had a car".

Weka "to" mbele yake na maana inageuka kuwa ya lazima: "I've got to go", inabidi niende. Usiichanganye na "I got to go" ya simulizi, ambayo ni nilipata nafasi ya kwenda. Neno moja dogo, "have", linatenganisha sharti na bahati, na katika usemi wa haraka humezwa, zote zikasikika "gotta go". Muktadha ndio unaoamua.

Hiyo "get to" ya bahati ina pacha kwetu: nilipata kumwona rais ni "I got to see the president". Katika lugha ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, ambao "get" ilitoka kwao na kuingia Kiingereza, "geta" ilikuwa kupata na pia kuweza, na katika Kiaislandi cha leo bado ni kuweza. Lakini kupata ku- yetu huenda mbali zaidi ya hapo. "Sijapata kuona" haisemi kwamba nafasi haikutokea. Inasema tangu nizaliwe. Tafsiri yake ni "I've never seen anything like it". Vilevile "Umepata kufika Lamu?" ni "Have you ever been to Lamu?" Hapo "get" haina nafasi kabisa.

Kutamka

Irabu ya "get" ni fupi, na neno linaishia kwenye t bila irabu nyuma yake. Mazoea yetu ya kufunga kila neno kwa irabu huizaa "geti", ambayo kwa Kiswahili ni lango, na Mwingereza naye anaweza kusikia "gate" au "getty". Zuia hewa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu na uishie hapo. T isiyopasuka ni afadhali kuliko t yenye i. Likifuatwa na irabu, unganisha: "get up" na "get it" hutamkwa kama neno moja, na kwa Wamarekani ile t hulainika ikawa karibu na r yetu ya kugusa mara moja, "gerap", "gerit". Anayesubiri kusikia t ngumu haisikii kamwe. Sentensi nzuri ya kufanyia zoezi ni "Get the gate": irabu fupi kwanza, kisha ile ya "gate" inayovutwa kuelekea i. Maana yake, kwa mlinzi au kwa mtoto aliye uani, ni kafungue geti.